Mifuko 14

Maneno ya mama Rehema, ninayemjengea slabu ya zege, hayajanitoka: "Fundi, wewe unahesabu kama mhasibu. Aliyenijengea uzio hakuhesabu kitu." Maji ya mtaani yamekatika tena, na mimi bado nawaza maneno hayo ya uzio.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Slabu ni mita 5 kwa 4, unene sentimita 15, yaani mita za ujazo 3. Kwa moja-mbili-nne (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne), kila mita ya ujazo inakula mifuko ya simenti sita na kitu. Jumla 19, na mmoja wa kufidia kinachomwagika. Mama Rehema anayo 14, imepungua sita. "Kwani kokoto si zipo nyingi?" Nikamjibu, "Mama, kokoto bila simenti ni rundo tu." Ndipo likaja la mhasibu.

Nilivyolala ndiyo majibu yakanijia. Mifuko 14 inatoa slabu ya sentimita 11 hivi, wakati nondo zilipangiwa 15. Ukizidisha kokoto ili simenti itoshe, zege linabaki na matundu, maji yanapenya, nondo zinakula kutu. Ukimwaga nusu sasa na nusu mwezi ujao, pale pa kuungia panaweza kuvuja, na mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, utaikodi mara mbili. Maji nayo ni lita 25 kwa mfuko: lita 500 ziwe kwenye mapipa kabla mashine haijawashwa, mbali na ya kumwagilia slabu siku 7. Yakipungua hayo ya kumwagilia, nyufa. Yakizidi ya kuchanganyia ndiyo balaa, maana vijana zege likiwa gumu kulisukuma huongeza ndoo kimyakimya, na nguvu inaondoka nayo.

Jana jioni akapiga. "Fundi, kikoba wanagawa mwisho wa mwezi. Ile sita inabaki sita?"

Inabaki sita, mama! Nimecheka peke yangu hadi wanangu wakaniangalia.

Basi kinachokwamisha ni simenti, na ratiba iifuate. Nondo zikatwe na kukunjwa sasa, biskuti (vipande vidogo vya zege) za kunyanyulia nondo zifyatuliwe, mabomba ya umeme yapimwe. Fomu, yaani mbao za kushikilia zege, isubiri wiki ya mwisho. Mbao zikinyeshewa zinapinda, na mirunda, yaani nguzo za kuzishikilia, inadidimia udongo ukilowa. Ile 14 ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, isije ikavuta unyevu ikawa mabonge.