Mshale umepanda H, maji hayachemki

Wenye magari ya zamani hapa Dar, mshale wa geji ya joto ukipanda, kabla hamjakubali hedi (kichwa cha juu cha injini) ifunguliwe, pimeni joto kwanza.

Corolla yangu ilianza kupandisha mshale hadi H (moto) kwenye foleni ya Tazara. Fundi mmoja akasema gasketi ya hedi imekwisha. Sikuridhika, maana maji hayakupungua, hayakuwa na mafuta, na heater ilitoa joto la kawaida. Kilichonipa jibu ni asubuhi: injini ya baridi kabisa, nafungua swichi tu, mshale unaruka H papo hapo. Maji hayawezi kupata moto kwa sekunde moja!

Nikaenda kwa fundi umeme wa Ilala. Akachomoa soketi ya sensa ya geji, kile kifaa kinachopima joto la maji. Kwa sensa ya waya mmoja mshale ungerudi C (baridi) kama shida ni sensa. Haukurudi. Akaufuata ule waya kwa vidole hadi karibu na oteneta (inayochaji betri). Ganda limechubuka, shaba inagusa bodi, na hiyo ndiyo iliyopandisha mshale. Akaufunga tepu, ikawa imekwisha. Injini ilipopata moto akamulika kipimajoto cha mwanga kwenye kasha la themostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta): nyuzi 88, mshale katikati.

Kinyume chake ndicho kinachonitisha zaidi. Maji yakipungua sana, sensa inabaki kwenye hewa na mshale unaweza kukaa chini huku injini inaungua. Kwa hiyo angalieni maji kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Na fundi akitaka kung'oa themostati "gari ipoe", mkatalieni: injini itachelewa kupata moto na mafuta yataliwa zaidi.