Jumamosi pale Blythe Ferry

Nilitoka nyumbani kwenda kuangalia korongo, basi. Mwenzangu kazini aliniambia baridi ikiingia wanatua kwa maelfu pale mto Hiwassee unapoingia kwenye mto Tennessee, mwendo wa kama saa moja kutoka mji wa Chattanooga, Marekani. Nikambeba mwanangu na chupa ya chai.

Korongo tuliwaona, kelele zao utadhani bawaba mia zenye kutu. Ila kilichonishika ni ukuta. Pana bustani ya kumbukumbu ya Wacherokee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na kwenye mawe wamechonga majina ya wakuu wa kaya zaidi ya 2,500 kutoka sensa ya 1835. Mwaka huohuo kikundi kidogo cha Wacherokee kilitia saini mkataba wa New Echota na kuitoa nchi yao yote kwa serikali ya Marekani, chifu wao John Ross akiwa hataki kabisa. Mwaka 1838 wanajeshi wakaja kuwatoa watu majumbani.

Kama 9,000 walipiga kambi hapa wakisubiri pantoni. Ukame ulikuwa mkali, safari zikaahirishwa. Wakivuka, ni kuelekea ilipo Oklahoma leo, wengi wao kwa miguu, na baridi ikawakuta njiani. Inakadiriwa watu 4,000 walikufa katika uhamisho ule wote.

Nilivua glavu nikapitisha kidole kwenye jina moja. Jiwe baridi kama barafu. Mwanangu alihesabu majina mpaka 60, akachoka.

"Baba, hawa wote walirudi?"

Nikamwambia hapana. Akaangalia maji kidogo, halafu akaomba chai.