Vikao vya ghorofa jipya Upanga: tulivyofanya hoja zetu ziandikwe

Naishi Upanga, Dar es Salaam, upande ambao nyumba za zamani zenye ua na miembe bado zimebaki katikati ya majengo marefu. Mwekezaji aliponunua kiwanja cha jirani na kutaka kupandisha jengo la ghorofa 15, wakazi tuliitwa kwenye mkutano wa mtaa. Naeleza tulivyoviendesha vikao vile kwa ajili ya wenzetu watakaoitwa kesho.

Nilichokitazama kwanza ni karatasi ya mahudhurio. Mradi ule ulifanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, na mtaalamu anayeiandaa alitakiwa kuionyesha NEMC, taasisi ya serikali ya kusimamia mazingira, kwamba wananchi walishirikishwa. Ushahidi wake ni muhtasari wa kikao na majina yenye sahihi. Karatasi iliyopita mikononi mwetu haikuwa na kichwa cha habari, ila nafasi ya jina, simu na sahihi. Nikanyoosha mkono: “Ndugu mwenyekiti, naomba iandikwe hapo juu kwamba haya ni mahudhurio, si ridhaa.” Mtaalamu akasema haijazoeleka. Mama mmoja wa makamo, ambaye hupewa heshima na mtaa mzima, akajibu, “Basi mwanangu, mimi sisaini.” Watu wakarudisha kalamu. Maneno yale yakaandikwa mbele yetu, ndipo tukasaini.

Kikao chenyewe kilitawaliwa na makelele, na siwalaumu watu. Dar es Salaam haijasahau Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka katikati ya jiji na kuua watu 36, wala jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024. Hofu ile ni ya haki. Ila makelele hayaingii kwenye muhtasari. Huandikwa kwamba “wananchi walitoa maoni mbalimbali”, na hapo habari yenu imekwisha.

Kwa hiyo kabla ya kikao kilichofuata tulipita nyumba kwa nyumba kumuuliza kila mtu anachokihofia hasa. Tukaandika barua moja, tukaipeleka serikali ya mtaa, kwa diwani, Halmashauri ya Jiji na NEMC, na kila mahali tukagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu. Hili la halmashauri wengi hulisahau. Mwenyekiti wa mtaa hatoi kibali cha ujenzi wala hakinyimi. Kibali kiko halmashauri, na mkimalizia hasira zote kwake mmepoteza jioni yenu.

Hoja iliyokuwa na uzito kuliko zote ni msingi. Michoro ilionyesha ngazi mbili za maegesho chini ya ardhi, na huku kwetu pwani maji ya ardhini yako karibu. Shimo likichimbwa, pampu huvuta maji usiku na mchana, na udongo ulio chini ya nyumba za jirani unaweza kushuka na kuta zikapasuka. Ufa ukishatokea, mkandarasi husema ulikuwepo tangu zamani, nawe huna cha kumwonyesha. Tulidai mhandisi apite kila nyumba inayopakana na kiwanja kabla ya jembe la kwanza, apige picha kila ufa uliopo, picha zisainiwe na pande zote mbili, na kila upande ubaki na nakala. Mhandisi wao hakubisha. Nadhani alikuwa akisubiri mtu aulize.

Kwa majitaka, tuliacha kulalamika kwamba chemba hufurika kila masika. Tuliuliza bomba la mtaa lina kipenyo gani, litabeba familia ngapi zaidi, na barua ya DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya Dar es Salaam, inayolithibitisha iko wapi. Barua haikuwepo. Kuhusu saa za kazi na malori ya kokoto tulikubaliana haraka.

Kuna hoja moja niliyoipinga mwenyewe, ya kuuliza wapangaji watakuwa watu wa kabila gani au dini gani. Jiji linakua na watu wanahitaji pa kuishi. Isitoshe, hoja kama hiyo ikiingia kwenye barua huzichafua zote nyingine, na waliostahili kusikilizwa hawasikilizwi tena.

Urefu haukupunguzwa. Upepo wa bahari uliokuwa ukiingia vyumbani mwetu jioni umekwisha, na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini ngazi moja ya chini iliondolewa, ukaguzi wa nyufa ukafanyika, na mwekezaji akakubali kwa maandishi kugharimia bomba kubwa zaidi kabla mpangaji wa kwanza hajaingia. Tulisisitiza muhtasari usomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na palipokosewa pakasahihishwa palepale.

Sasa wamefika ghorofa ya saba. Ukuta wa jiko la jirani yangu ulipasuka wakati wa uchimbaji. Akatoa picha zenye sahihi mbili, na mkandarasi akaleta mafundi bila kufikishana kwenye baraza. Bomba bado halijalazwa. Tumeshaandika barua kuomba liwe ajenda ya kwanza ya mkutano ujao wa mtaa, na nakala yetu ina muhuri.