Tonge la muhogo kabla halijamezwa

Ugali wa muhogo wa Kigoma una utelezi wake: unafinyanga tonge, unachovya kwenye mchuzi wa mgebuka wenye mawese, limepita. Meno hayana habari. Mdomoni limekaa sekunde mbili tatu, na hapo ndipo wanga huanza kumeng'enywa.

Mate hutoka kwenye jozi tatu za tezi kubwa: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Kwa siku hufika kati ya nusu lita na lita moja na nusu. Yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, kinachokatakata wanga kuwa sukari ya maltosi. Tafuna tonge kavu kwa dakika moja au mbili, utamu utajitokeza kwa mbali.

Asiyeuamini ulimi wake atafute iodini duka la dawa. Chemsha kijiko cha chai cha unga wa muhogo kwenye glasi ya maji, upate uji mwepesi sana, uache hadi uwe vuguvugu. Gawa vikombe viwili. Kimoja kitemee mate kama kijiko cha chai, koroga, kingine kiache. Kila baada ya dakika mbili chota tone la kila kikombe, weka kwenye sahani nyeupe, dondoshea iodini. Uji mtupu utageuka buluu-nyeusi kila mara. Wenye mate utafifia hadi ibaki kahawia ya iodini yenyewe. Mwaga, usionje.

Usipofifia, mara nyingi uji ulikuwa bado wa moto na joto limeiharibu amilesi. Au ulikuwa mzito mno. Ndimu nayo huizuia, maana amilesi hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu, inayokaribia 7, pasipo na uchachu. Na usijaribu kwa chumvi ya Uvinza eti ina madini joto, yaani iodini: kinachotiwa kwenye chumvi ni potasiamu iodeti, tena kidogo mno, haibadilishi rangi ya wanga.

Tumboni amilesi huendelea katikati ya tonge hadi asidi ipenye. Mbele zaidi, kongosho hutoa amilesi yake, kwa hiyo anayemeza harakaharaka hakosi wanga wake. Ule ushauri wa kutafuna kila tonge mara 32 mimi siujali. Ninaojali ni muhogo mtamu unaotafunwa mbichi: wanga wake bado umefungwa ndani ya chembe ngumu, mate huugusa kwa shida, na kipande kilichomezwa kizima hufika utumbo mpana na kuchachuka huko, tumbo likajaa gesi.