Muislamu kwenye kikao cha walevi

Mimi ni fundi wa AC na majokofu. Nataja kazi mwanzo kwa sababu watu hupenda kuuliza "pombe ulianzaje?" wakitaraji kisa cha mapenzi. Sina kisa hicho. Hoteli za Diani na Tiwi, pwani ya kusini mwa Mombasa, jokofu likikata baridi usiku, huita fundi, na fundi akimaliza hushikizwa bia mlango wa nyuma kabla hajashikizwa hela. Bia ya mlango wa nyuma haina shahidi. Nikifika Likoni, mangwe, kilabu cha pombe ya mnazi, bado i wazi, na asubuhi lazima nizimue ndipo mkono utulie nishike bisibisi.

Muislamu mlevi huficha mara mbili. Mwenzangu Mkristo akilewa wataambiana kalewa. Mimi nikilewa nimewaaibisha mpaka waliokufa. Kwa hivyo mfukoni hapakosi karafuu na peremende za mnanaa, na hoja yangu kubwa ilikuwa Ramadhani: kila mwaka nikishavunja jungu naacha, basi mimi mlevi gani? Zile siku za mwanzo za mfungo nilikuwa nikitoka jasho, natetemeka, sipati usingizi. Nikisema ni swaumu. Nyumba nzima ikanionea huruma kwa kufunga kwa taabu vile!

Mke wangu, Mama Salma, ndiye aliyepiga 1192, nambari ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya inayoshughulikia pombe na dawa za kulevya. Alipiga akiwa jikoni, spika wazi, ananitazama. Sikujua kwamba mtu aweza kumpigia mwenziwe. Wakauliza: hutetemeka asubuhi kabla hajanywa? Mama Salma alijibu kabla sijafungua kinywa. Jawabu likawa daktari kwanza, kikundi baadaye.

Hapo tafadhali msipapite haraka. Anayekunywa sana kila siku akiacha ghafla aweza kuanguka kama mwenye kifafa, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, na baada ya hapo kuna wanaochanganyikiwa wakaona visivyokuwapo. Wapo wanaokufa. Jamaa kumwapisha mlevi kwa msahafu kisha kumfungia chumbani "mpaka pombe imtoke" si tiba. Mimi nilipewa dawa za kutuliza na vitamini B1, nikakaa chini ya uangalizi, na nilipotoka karatasi yangu ilikuwa na anwani ya kikao cha AA (Alcoholics Anonymous, kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe) kisiwani Mombasa, ng'ambo ya feri.

Anwani yenyewe: ukumbi wa kanisa.

Nilimwendea Ami, ndugu wa baba, maana ndiye aliyenisomesha Kurani chuoni na sikutaka ayasikie kwa watu. Nikamwambia yote, nikamalizia na hilo la kanisa, nikidhani atanikataza na mimi nipate udhuru. Alinyamaza akachezea tasbihi, kisha akauliza, "Na huko mangweni ulikuwa ukienda kusali?"

Basi nikaenda. Nilitarajia padri mbele, au daktari. Hakuna mbele. Viti vimepangwa duara, kuna chai na mahamri, na anayeendesha kikao ni mlevi kama mimi. Utaratibu huu ulianzishwa Marekani, mjini Akron, mwaka 1935, na walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari mpasuaji. AA ina hatua 12 za kufuata ili kuacha pombe, na ya tatu inasema Mungu "kama tulivyomwelewa". Mimi namwelewa kama nilivyofundishwa na Ami, na hakuna aliyenihoji. Wengine wakisoma dua yao mwishoni, mimi husoma yangu kimyakimya. Hawaandikishi jina kamili, hawatozi ada. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya ukumbi na chai, na mgeni hukipisha tu. Sharti ni moja: uwe unataka kuacha.

Kigumu kwangu kilikuwa kusikiliza. Sisi watu wa barazani, mtu hamalizi sentensi mbili hujamrekebisha. Pale mtu asema hata kama anatia chumvi, akinyamaza unamshukuru, anafuata mwingine. Wiki za mwanzo nilikuwa naumwa na taya kwa kujizuia.

Ulizeni pia kama kikao ni cha wazi au cha walevi peke yao. Cha wazi waweza kwenda na mkeo au ndugu.

Walevi wanaonipigia simu kutaka kuacha, karibu wote huuliza kama kuna kikundi cha mbali, mahali wasipojulikana. Nawaambia watafute cha karibu. Siku ya mvua, foleni ya feri haisogei na nauli huna, hutaenda mbali, na mangwe iko palepale. Wenye kukujua walishakuona ukirudi unapepesuka; wakikuona unaingia ukumbini watapata la kusema wiki moja.

Kazi za hoteli bado nazichukua, ila siendi bila kijana wangu wa mkono, naye anajua kwa nini. Na Idi Mosi, siku niliyokuwa nikiingoja mwezi mzima kwa sababu mbaya, sponsa wangu, yaani mwenzangu wa AA aliyetangulia kuacha na anayenishika mkono, muuza samaki na Mkristo wa Rabai, huja kwangu kula pilau. Hula sana, na haondoki mpaka saa nne usiku.