Mgomo bila mshahara

Jamani, kugoma si kuimba getini na kupiga makofi tu. Mwisho wa mwezi ukifika simu haijalia ujumbe wa benki, ndio utawajua wenzio.

Mimi mhudumu wa hoteli, pwani ya mashariki, Unguja. Hoteli siitaji. Tulipoweka kazi chini kudai malipo ya saa za ziada, kilichonitoa jasho kwanza ni mchezo, ule wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu: zamu yangu ilikuwa bado na kuchangia lazima. Kijumbe wetu, anayekusanya michango, mpishi na mwanachama mwenzetu, akasema mchezo usimame, hakuna atakayedaiwa. Nilipumua.

Mfuko wa chama ulitoa mchele na unga, pesa taslimu kidogo mno. Waliopanga walilipiwa kodi kwanza, sisi tunaokaa kwa wazee tukasubiri. Wapo walionung'unika, na mimi nilikuwemo. Wenye mashamba wakaleta mihogo kwa polo, tukaipanga mafungu pale pale getini. Muuza duka wa mtaani aliniandikia boflo na sukari mpaka ukurasa wa daftari ukajaa, akafungua mwengine bila kuuliza nitalipa lini.

Katika mgomo wa 1948 hapa Unguja, ulioanza kwa wachukuzi wa bandarini hadi mji ukasimama, wagomaji wengi nao walikimbilia shamba kwa jamaa zao kutafuta chakula. Sasa nawaelewa.

Mshahara umeingia juzi. Nusu umekwenda dukani. Mchezo unaanza Jumamosi, na anayepokea kwanza ni dada wa usafi aliyejifungua wakati wa mgomo.