Siku moja maishani mwangu: kusoma msimbo wa watu wengine

Saa 11:20 alfajiri

Kabla ya kuwasha taa nafungua kompyuta. Kuna jibu. Wiki tatu zilizopita nilituma kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo, kwenye programu huria ya kupanga na kuhifadhi nyaraka, programu ninayoitumia tangu nianze masomo ya kompyuta, na usiku huu mtunzaji wake, yaani anayeamua badiliko gani liingizwe, ameniandikia. Mistari minne tu. Anashukuru, anaomba nikigawe kiraka mara mbili, kisha anauliza kwa upole: kwa nini lugha moja ihitaji sentensi saba pale ambapo lugha nyingine zote zimetosheka na moja?

Nimelisoma swali hilo mara tatu. Linastahili jibu zuri, na jibu zuri haliandikwi alfajiri.

Kiraka changu kinahusu neno moja, kufutwa, na kinaweka sentensi saba mahali pa moja. Programu ina sentensi moja ya Kiingereza inayotumika popote kitu kinapofutwa, na jina la kitu huchomekwa mahali pake wakati programu inaendeshwa. Kwa Kiingereza inatosha. Kwetu faili limefutwa, picha imefutwa, kiambatisho kimefutwa, ujumbe umefutwa, mtumiaji amefutwa. Mtafsiri aliyetangulia hakuwa na njia ila kuchagua umbo moja, akachagua "imefutwa", na skrini ikawa inasema "Mtumiaji imefutwa". Naumia kila ninapoiona. Mtu anayefungua programu kwa lugha yake kwa mara ya kwanza atakutana na sentensi hiyo, ataamua kwamba Kiswahili na kompyuta havipatani, na atarudi kwenye Kiingereza. Mimi nilishaamua moyoni kwamba aliyeandika msimbo ule hakujali.

Saa 2:00 asubuhi

Maabara. Zoezi la leo ni kuiga saketi kwa programu ya kulipia ambayo chuo kimeinunulia leseni. Tumeketi, tumewasha mashine, na kila skrini inatoa ujumbe ule ule: leseni imekwisha muda. Mwalimu amepiga simu, amesubiri, amepiga tena. Zoezi jipya tungeweza kuliahirisha. Kilichoniuma ni kwamba hata kazi zetu za muhula uliopita hazifunguki, kwa sababu umbo la faili zake linajulikana na kampuni ile peke yake. Michoro ni yetu, tumeichora sisi, lakini ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Wanafunzi wenzangu wengi wakisikia "programu huria" wanasikia "programu ya bure". Hapo ndipo mazungumzo yanapoharibika. Leseni ya GPL, mojawapo ya leseni za programu huria, inakuruhusu kabisa kuuza programu. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, alipotangaza mradi wa GNU wa kuunda mfumo huria wa kompyuta mwezi Septemba 1983, hakuwa analalamikia bei. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha printa ya maabara ya akili mnemba ya MIT, chuo kikuu cha Marekani. Printa ilikuwa ikikwama karatasi, yeye alijua namna ya kuifanya iwaarifu watu inapokwama, lakini hakuweza kupata msimbo chanzo wake, yaani maandishi ya programu yanayosomeka na mtu. Mtafiti wa chuo kingine aliyekuwa nao alikataa kumpa kwa sababu alikuwa ameahidi kutoutoa. Karatasi zikaendelea kukwama, na mtu mwenye uwezo wa kusaidia akabaki anatazama.

Uhuru wa programu huhesabiwa nne, kuanzia sifuri hadi tatu. Namba sifuri ni kuitumia programu kwa shughuli yoyote. Namba moja ni kuichunguza namna inavyofanya kazi na kuibadilisha. Namba mbili na tatu ni kuwagawia wengine nakala, ya asili au uliyoibadilisha wewe. Watu wanashangilia sana namba sifuri na namba mbili. Mimi naishi kwa namba moja. Leo asubuhi, katika chumba chenye wanafunzi wanaosomea kompyuta, hakuna hata mmoja aliyekuwa na haki ya kuangalia kwa nini kompyuta iliyo mbele yake imekataa.

Saa 4:15 asubuhi

Kipindi cha mifumo ya data. Hakuna la kusimulia.

Saa 5:40 asubuhi

Nje ya ukumbi, ubishi. Mwenzangu mmoja amejenga programu tatu tangu mwaka uanze, na ukurasa wake wa kuwekea msimbo mtandaoni una vile vimraba vya kijani vya kila siku aliyochangia kitu, siku mia na zaidi bila kukatika. Ananiuliza nimejenga nini. Namwambia muhula huu zaidi nimesoma. "Kusoma msimbo wa watu ni kupoteza muda, ndugu yangu," ananiambia. "Mwajiri anataka kuona ulichojenga."

Simlaumu, ndivyo tulivyofundishwa. Tangu mwaka wa kwanza tunapewa faili tupu na kuambiwa tuandike. Hakuna mtihani hata mmoja ambao umewahi kunipa mistari elfu mbili ya mtu mwingine na kuniuliza: hapa alikuwa anafikiria nini, na amekosea wapi? Ni kama kumfundisha mtu kuandika bila kumwonyesha kitabu. Hata utamaduni wetu wa teknolojia unahesabu vinavyohesabika kirahisi, yaani nyota, vimraba, na idadi ya miradi iliyoanzishwa. Aliyesoma msimbo kwa siku nzima akathibitisha kwamba ni salama hana kimraba.

Nilimpa mfano wa OpenSSL, maktaba ya msimbo inayolinda mawasiliano ya intaneti kwa kuyasimba, nikaurudia pole pole kwa sababu kila mtu anaujua kwa jina na wachache wanajua ulivyokuwa. Kulikuwa na sehemu ambapo kompyuta moja humwambia mwenzake: nirudishie maneno haya, urefu wake ni kadha. OpenSSL iliamini urefu uliotajwa bila kupima maneno yenyewe. Ukituma herufi chache na kudai ni maelfu, seva ilikurudishia herufi zako pamoja na chochote kilichokuwa jirani nazo kwenye kumbukumbu, hadi kilobaiti 64 kwa mara moja. Humo mngeweza kuwa na nywila za watu, au ufunguo wa siri wa seva yenyewe. Kosa hilo, lililokuja kuitwa Heartbleed, lilitoka na toleo la 1.0.1 mwezi Machi 2012 na halikutangazwa hadi Aprili 2014. Kwa miaka miwili msimbo ulikuwa wazi kwa dunia nzima, mistari iliyohusika ni michache, na dawa ilikuwa kulinganisha namba mbili. Sehemu kubwa ya intaneti ilitegemea maktaba hiyo, na walioitunza walikuwa watu wachache mno.

"Kwa hiyo unataka kusema uwazi haukusaidia," akanijibu. La. Nataka kusema kwamba leseni inafungua mlango tu. Lazima mtu aingie. Siku hizi, ambapo programu za akili mnemba zinatoa msimbo kurasa kwa kurasa kwa dakika chache, kazi ya kusoma imeongezeka, na wasomaji hawajaongezeka.

Hatukukubaliana, lakini ameniomba nimwonyeshe leo jioni tunavyosoma. Nimefurahi.

Saa 7:30 mchana

Maktaba ya chuo, kona ya mwisho, saa mbili zangu ninazozipenda kuliko zote za siku. Ili nimjibu mtunzaji vizuri, nataka nijue kwanza sentensi ile ilifikaje kuwa moja. Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, huhifadhi kila badiliko pamoja na aliyelifanya, tarehe na maelezo yake, na amri ya `git log -S` hukutafutia mabadiliko yaliyoingiza au kuondoa maneno fulani.

Nikipata nafasi huwa nawaambia wanafunzi wapya habari ya Git yenyewe. Walioandika kiini cha Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, walikuwa wakitumia BitKeeper, chombo cha kampuni iliyowaruhusu kukitumia bila malipo. Ruhusa hiyo ilipoondolewa mwaka 2005, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika mbadala mwezi Aprili, na Julai ya mwaka huo huo akaukabidhi utunzaji wake kwa Junio Hamano. Mimi kinachonigusa ni kule kukabidhi. Kuanzisha kitu kunakuletea jina, na ni wachache wanaojua jina la anayebaki nacho.

Nimerudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi nikalipata badiliko. Limefanywa miaka tisa iliyopita. Kabla yake zilikuwepo sentensi saba, kila kitu na sentensi yake, kama ninavyotaka mimi leo. Maelezo ya badiliko yanasema, kwa ufupi: watafsiri wamelalamika kwamba kazi ni nyingi na sentensi saba zinafanana, kwa hiyo zimeunganishwa kuwa moja ili kuwapunguzia mzigo.

Nimekaa na maelezo hayo kwa muda. Yule niliyemhukumu kwamba hakujali, alikuwa akiwasaidia watafsiri. Ilikuwa huruma, na hakuna aliyekuwepo siku ile wa kumwambia kwamba kuna lugha ambazo kitenzi kinamfuata mtendwa. Nisingesoma historia, ningejibu kwa hasira kidogo, na hasira ile ingemwangukia mtu aliyetenda wema.

Saa 9:45 alasiri

Nimeandika jibu. Nimeanza kwa kulitaja badiliko la miaka tisa iliyopita na sababu yake, nikasema naielewa. Kisha jedwali la safu tatu: jina la kitu, sentensi ya umoja, sentensi ya wingi. Anayeona limefutwa, imefutwa, kimefutwa na amefutwa zimepangwa moja chini ya nyingine hahitaji kujua Kiswahili ili aone kwamba mwanzo wa neno unabadilika. Nikaongeza kwamba lugha nyingine hazijatosheka, zimevumilia. Kifaransa kina "supprimé" kwa faili na "supprimée" kwa picha, na watafsiri wake walikwepa kwa kupindisha sentensi. Kuhusu mzigo wa kazi, nimependekeza sentensi kamili kwa kila kitu, na lugha zisizohitaji tofauti zinakili tafsiri yao ya sasa. Kiraka nimekigawa mara mbili kama alivyoomba, cha kwanza kinagusa msimbo, cha pili kinagusa tafsiri peke yake.

Nimeisoma barua yangu mara mbili kabla ya kuituma, nikiangalia kama kuna sauti ya kudai. Mtunzaji huyu hafanyi kazi hii kwa mshahara. Anajibu usiku, baada ya kazi yake nyingine. Nimejifunza kuwa mwangalifu kutokana na kisa cha xz, nitakachokisimulia jioni.

Saa 11:00 jioni

Chumba cha juu, tumekaa saba. Hiki ndicho kikundi chetu cha kusoma, mara moja kwa wiki, mistari isiyozidi mia mbili, hakuna anayeandika kitu. Mwenzangu wa ubishi amekuja kweli na ameketi nyuma.

Nimeanza na xz kwa sababu yake. Ni programu ya kubana data, ndogo, iliyo ndani ya karibu kila mfumo wa Linux. Mtunzaji wake alikuwa mmoja na alikuwa amechoka. Akatokea mtu aliyejiita Jia Tan, akasaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, huku akaunti nyingine zikimsukuma mtunzaji aachie madaraka kwa kumlaumu kwamba ni mzito. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yalitoka yakiwa na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine ya mtu. Data yenye sumu ilifichwa ndani ya faili za majaribio, na mstari wa kuiamsha haukuwepo kwenye hifadhi ya Git. Uliwekwa kwenye furushi la toleo tu, lile linalopakuliwa na watumiaji, mahali ambapo wasomaji hawaangalii. Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia salama ya kuingia kutoka mbali, kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde! Angeweza kuipuuza. Alifuatilia hadi mwisho, akatangaza tarehe 29 Machi 2024, kabla matoleo yale hayajaenea kwenye mifumo mingi inayotegemewa.

Mwenzangu ameuliza swali moja tu: Freund aliwezaje kupita kwenye msimbo asioufahamu? Tumelijadili nusu saa nzima. Jibu letu halikukamilika, lakini limeanzia kwenye mazoea ya mtu anayejua mashine yake ya kawaida ikoje, kiasi kwamba isiyo ya kawaida inamwasha.

Kisha nikaonyesha kiraka changu ukutani, wakisome wao. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye kwa wiki tatu hajafungua mdomo, ameinua mkono.

"Samahani dada. Mstari wa 41. Umeandika 'Ujumbe 5 umefutwa'."

"Ndiyo?"

"Si ni jumbe 5 zimefutwa?"

Chumba kimenyamaza. Mstari huo nilikuwa nimeuandika mwenyewe, nikausoma labda mara ishirini, nikautuma kwa mtu asiyejua Kiswahili, na mchana nikaunakili hata kwenye jedwali nililomtumia kumweleza ngeli.

Saa 3:10 usiku

Nimesahihisha mstari wa 41, nimeijenga programu upya kwenye mashine yangu, nimeunda jumbe tano za majaribio na kuzifuta. "Jumbe 5 zimefutwa." Nimefuta na mtumiaji wa majaribio: "Mtumiaji amefutwa."

Kabla ya kutuma nimemwandikia yule mwanafunzi, nikamwomba ruhusa ya kuweka jina lake kwenye maelezo ya badiliko kama mtu aliyeliona kosa. Ameuliza kama jina litabaki humo. Nimemjibu kwamba maadamu mradi upo, litabaki, na atakayeutafuta mstari huo miaka tisa ijayo atalikuta.

Amenitumia jina lake kamili, majina matatu. Nimeyaandika yote.